Kifungu cha Tatu Kirukeni

...na huyo msichana anatoka nje na ufunguo wa nyumba mkononi, asubuhi na mapema, umande bado uko majanini, anaelekea kwenye mizinga ya nyuki, mizinga sita, sawa, sita, Xiaomai akapiga mstari chini ya sita kwa sababu Mwalimu Kong husema namba yoyote uionayo ndani ya kifungu ipigie mstari, namba haiji bure, halafu... halafu anabisha hodi, anagonga kila mzinga mara tatu kwa ule ufunguo, ngo, ngo, ngo, anainama ananong'ona, lo, mtu anabisha hodi kwa nyuki, hawa Waingereza nao wana mambo, lakini ngoja, mjinga wewe, hukusoma maswali kwanza, maswali kwanza kifungu baadaye, miaka mitatu unaimbiwa wimbo huo huo na leo zimebaki siku kumi na tisa kabla ya mtihani wa kuingia chuo kikuu bado unasahau, hizo hapo ubaoni, Zimebaki Siku 19, chaki nyekundu, ile tisa ameiandika Jiahui asubuhi hii kwa mwandiko wake wa kupinda, imeinama kama inataka kudondoka, Jiahui huyu huyu anayekaa naye dawati moja na ambaye sasa hivi anavuta pumzi kwa mdomo kwa sababu ya mafua yasiyoisha, haya, rudi, swali la ishirini na nane, kwa nini msichana alikwenda mizingani, la ishirini na tisa, nini kinaweza kueleweka kutokana na aya ya tatu ingawa hakikusemwa, hayo ndiyo maswali ya kukisia, hayo ndiyo yanayomla alama kila wiki, na Mwalimu Kong kamwambia mbele ya darasa zima, wewe Lei Xiaomai kusoma unajua, kuunganisha ndiyo hutaki, unakiona kitu cha kwanza, unakiona cha pili, cha tatu kinakuja chenyewe mlangoni wewe unakifungia, na darasa likacheka, yeye akacheka pia, masikio yanawaka moto... aya ya pili sasa, harakaharaka, saa nane na dakika kumi na mbili, mapazia yamefungwa jua lisipige kwenye karatasi, pangaboi linazunguka na kile kilio chake, watu sitini na wawili kila mmoja amejificha nyuma ya ukuta wake wa vitabu na wote wananong'ona kwa midomo ambayo karibu haifunguki, mmmm, mmmm, maana mtu akisoma Kiingereza kimyakimya hakiingii, na Bibi yake aliposikia hivyo kwa mara ya kwanza, Xiaomai akiwa kidato cha kwanza, amekaa mlangoni na kitabu, Bibi akiwa chini anabangua karanga, alisema, hii ndiyo lugha ya watu? Mbona unavuma tu kama nyuki? Soma tena, soma tena nisikie, vuma, kijukuu changu, vuma... na akawa kila jioni anadai avumiwe, hajui herufi moja ya Kiingereza wala ya Kichina, lakini Xiaomai akisita katikati ya sentensi alijua, aliinua kichwa kutoka kwenye karanga akasema, hapo umekwama, rudia.

Aya ya pili inasema usiku ule bibi wa nyumba ile alikuwa amekufa. Ndiyo hivyo basi. Bibi kafa, na kabla jirani hajaambiwa, kabla hata chai haijachemka, mama mtu anampa msichana ufunguo anamwambia nenda kawaambie nyuki, na msichana anakwenda, anagonga kila mzinga mara tatu, anasema Bibi amefariki, msiondoke, sasa mtakaa na sisi, kwa sababu watu wa upande ule waliamini kwamba nyuki wasipoambiwa kuna msiba ndani ya nyumba wataondoka wote pamoja, au watafia mizingani bila ugonjwa, maana nao ni wa nyumba hiyo, na aliye wa nyumba haiwi sawa akafichwa... Xiaomai alitaka kupiga mstari hapo lakini penseli ikasimama, ikachimba kitundu kidogo kwenye karatasi, na alikuwa hajajua bado kwa nini, alidhani ni joto, ndipo sauti ya Mwalimu Kong ikaja kutoka mbele, jamani, samahani kidogo, kifungu cha tatu kirukeni, kina makosa ya uchapaji, nendeni moja kwa moja cha nne... na sauti hiyo haikuwa sauti yake, Mwalimu Kong hujui kama ana koo, huongea kama mtu aliyezaliwa na spika tumboni, na sasa hivi ilitoka nyembamba, amesimama pale mezani na nakala yake mkononi, chupa yake ya chai imefunguliwa haijanywewa, macho yake hayaangalii darasa, yanaangalia karatasi kwa bidii mno... na Duan Peng wa nyuma, yule ambaye hata kwenye mazishi ya kuku angetia mzaha, akapaza sauti, Mwalimu, mimi nishakimaliza hicho, nirudishiwe dakika zangu tano! na hapo ndipo darasa lilipopaswa kucheka, Duan Peng akisema lolote darasa hucheka, ni kama kengele ya shule, lakini hapakuwa na kicheko, palikuwa na mlio wa kiti, mlio wa mtu kapigwa teke chini ya meza, na Duan Peng akasema, aah... samahani... yaani hivyo hivyo, samahani. Samahani? Duan Peng? Tangu lini? Na Jiahui, mafua na yote, akanyoosha mkono wake wa kushoto taratibu akaugeuza ukurasa wa Xiaomai kwenda kifungu cha nne, kama mtu anayemfunika mwenzie shuka, akasema bila kumtazama, twende cha nne Mai, hiki kimekosewa, na Xiaomai akaurudisha ukurasa. Hakikukosewa. Amekisoma aya mbili nzima, hakuna kosa hata moja, ni Kiingereza safi kabisa, safi kuliko vifungu vyote vya wiki hii, basi kosa liko wapi, Mwalimu, mwandishi hapotezi neno, si ndivyo wewe mwenyewe unavyotufundisha, kila kilichotajwa kimetajwa kwa kazi, na jibu limo kifunguni halimo kichwani mwako, usilete yako, usilete ya kwenu... hebu ya kwenu yaache... lakini ya kwenu yalikuwa yameshaingia, yamekaa kwenye kiti, yanamsubiri, goti la Bibi. Goti, mwanangu, alisema Mama kutoka upande wa pili wa nondo za uzio, Jumapili tatu zilizopita, ambapo kila Jumapili wazazi hujipanga nje na vyombo vya chakula na watoto hujipanga ndani, mikono inapita katikati ya nondo, mikate ya mvuke, supu, mayai, na Xiaomai alikuwa anatafuta kwenye msongamano lile guta la umeme la Bibi, la magurudumu matatu, na kile kitambaa chake cha kichwa cha samawati, akamwona Mama badala yake, Mama! ambaye yuko Dongguan kiwandani, ambaye tangu Xiaomai ana miaka minne hurudi mara moja kwa mwaka tu, Mwaka Mpya wa Kichina, siku tisa, anaondoka, na huyu hapa mwishoni mwa mwezi wa nne, amesimama juani na chombo cha chakula, macho yamevimba. Safari ndefu, alisema, sikulala kwenye treni. Na Bibi? Goti, mwanangu, linamsumbua, guta limemshinda. Na kiwandani je? Nimeomba ruhusa, mtoto mmoja, mtihani mmoja, kiwanda hakikimbii. Na Xiaomai, Mungu wangu, Xiaomai alifurahi, hilo ndilo linalomchoma sasa hivi, alifurahi kama mtoto mdogo, akawaambia wote bwenini, Mama yangu kaacha kazi kwa ajili yangu, na wenzake wakamtazama... walimtazamaje? Alidhani ni wivu. Jiahui alisema, una bahati, Mai, kisha akaingia msalani akakaa humo muda mrefu.

Kitu cha kwanza. Haya, tuunganishe, Mwalimu Kong, si ndicho ulichokuwa unataka. Cha kwanza, Mama mwezi wa nne. Cha pili, pini. Mkono wa kushoto wa blauzi ya Mama, juu ya kiwiko, pini ya chuma imefungwa vizuri na haishiki kitu, hakuna kilichochanika, hakuna kifungo kilichokatika, pini tu peke yake inang'aa juani, na Xiaomai akaigusa kupitia nondo, Mama, hii nini, na Mama akautazama mkono wake mwenyewe kama si wake, akaitoa pini haraka hadi akajichoma, aah, nilikuwa nimebandika risiti... risiti mkononi, Mama? Nani hubandika risiti mkononi? Kinachobandikwa pale kila mtu anakijua, kitambaa cheusi cha msiba, kipana kama vidole vitatu, mkono wa kushoto, huvaliwa siku nyingi, huvuliwa ukifika kwenye kona ya mwisho kabla ya geti la shule, unakitia mfukoni, unakumbuka kitambaa, unasahau pini. Cha tatu, Baba. Jumapili iliyofuata Baba naye yupo, hakusogea kwenye uzio, alisimama ng'ambo ya barabara kwenye mkokoteni wa matikiti, kofia hadi kwenye nyusi, akapunga mkono, na ndevu, Baba na ndevu! Baba ambaye akiwa na homa ya kulazwa hunyoa, ambaye Bibi humcheka, mwanangu huyu atanyoa hadi mfupa, ndevu za wiki mbili zimemkaa usoni kama vumbi, na Mama akasema mashine yake ya kunyolea imekufa, ndivyo alivyosema, imekufa, kisha akalimeza neno hilo. Mtoto wa kiume hanyoi. Siku mia moja hanyoi, si nywele si ndevu, hilo hata Duan Peng analijua. Cha nne, ile likizo ya mwisho wa mwezi, nusu siku na usiku mmoja, usije nyumbani mwanangu, barabara ya kijijini imechimbwa, kaa hapo hapo usome, na yeye akaona afadhali, akafanya mitihani miwili ya majaribio siku ile, akapata alama mia na thelathini na moja kati ya mia na hamsini, akajinunulia soda. Barabara imechimbwa. Kitu kimoja ndicho kilichochimbwa kijijini siku zile... ruka hapo, ruka, nenda cha tano, cha tano ni sauti. Jumapili ya pili hiyo hiyo alikuwa amedai kuongea na Bibi, kagoma kula, sitaki mayai nataka Bibi, anafanya deko mtu mzima na miaka kumi na minane, na Mama akasema ngoja, ngoja, amekurekodia, akatoa simu akaiweka kwenye nondo, na Bibi akaongea. Xiaomai, kijukuu changu, vaa lile koti zito, lile la bluu, usijifanye mrembo ukaganda huko. Kula ushibe. Na usiwagawie wenzio mayai yote, najua tabia yako. Na nyuma ya sauti yake fataki, pa-pa-pa-pa, mbali kidogo, na jua la mwezi wa tano linamchoma Mama shingoni, lami inanata viatuni, na Xiaomai akacheka, koti na jua hili! Bibi kachanganyikiwa nini? Nani anaoa huko hadi fataki zinalia? Na Mama naye akacheka, akacheka mno, akacheka hadi akainama kufunga kamba za viatu, na viatu vyake havikuwa na kamba. Fataki. Koti. Mwaka Mpya. Miezi mitatu nyuma. Kwa hiyo alikuwa amesimama pale kwenye nondo na yai mdomoni, anamjibu mtu ambaye... alimjibu! Alisema kwa sauti, sawa Bibi, nimesikia, na simu ilikuwa imeshazimika.

Hapana, hapana, ngoja kwanza, usikimbilie jibu, jibu la kwanza kupendeza ndilo mtego, hebu weka yote manne mezani uyafute moja moja kama ulivyofundishwa, A, Bibi amelala, hilo alilisema Mama kwenye simu ya ukumbini Jumanne, saa kumi na moja jioni, Bibi ambaye halali kabla bata hawajaingia bandani, futa, B, Bibi yuko kwa shangazi, hilo lilisemwa Ijumaa, na shangazi na Bibi hawajasalimiana tangu ugomvi wa kisima, futa, C, goti, goti linazuia guta, goti halizuii simu, futa... na D. Mwalimu Kong husema ikibaki moja hiyo ndiyo, hata kama huipendi, haikuulizwa kama unaipenda. Xiaomai akaingiza mkono ndani ya dawati. Hakujua anatafuta nini, au alijua, mkono ndio uliojua, ukapita kamusi, ukapita kikombe, ukazikuta zile karatasi mbili za kalenda alizozinyoosha akazihifadhi kwenye daftari la msamiati kwa sababu zilimfurahisha, karatasi nyembamba zenye harufu ya chumvi, maana Bibi hufunga kila yai la bata kwenye karatasi ya kalenda ya ukutani, ile ya kuchana siku moja moja, kila asubuhi anaichana jana anaiweka kwenye bakuli, Jumapili anafungia mayai, siku saba mayai saba, na usithubutu kuchana siku ambayo haijapita, Xiaomai aliwahi kufanya hivyo akiwa na miaka saba, alichana kesho yote na keshokutwa ili atengeneze boti, Bibi akamchapa, mara moja tu maishani alimchapa, akalia Bibi mwenyewe, akasema hizo ni zangu, hizo bado sijaishi. Na mayai mawili aliyoleta Mama Jumapili iliyopita, Bibi kakutumia, alisema Mama, kayafunga mwenyewe, yale mayai yalikuwa yamefungwa kwenye tarehe saba mwezi wa sita, na tarehe nane mwezi wa sita, siku za mtihani, siku ambazo hazijafika, na Xiaomai alicheka akamwonyesha Jiahui, tazama, Bibi kanifungia mtihani ndani ya yai, si bahati hiyo? na Jiahui alisema ni bahati kubwa, akageukia ukutani. Sasa anazitazama magotini kwake, chini ya dawati, saba, nane, wino mwekundu, na anaiona kalenda yenyewe, ukutani pale juu ya kitanda cha Bibi, imebaki kama ilivyokuwa, imesimama kwenye siku fulani ya mwezi wa nne na hakuna mkono wa kuichana, na Mama ameingia chumbani harakaharaka akiwahi basi, anatafuta karatasi ya kufungia mayai ili yafanane, hajui utaratibu, atajuaje, miaka kumi na minne yuko Dongguan, akachana popote, akachana chini, kwa mtu ambaye siku zake... na siku ile ni ipi, kalenda imesimama siku ipi? Na Xiaomai siku hiyo aliijua. Hakuambiwa na mtu. Alhamisi moja ya mwezi wa nne. Usingizi wa mchana, vichwa sitini na viwili vimelala juu ya madawati, mapazia yamefungwa, na chini ya sikio lake, kwenye mbao, mtu akagonga, ngo, ngo, ngo, mara tatu, kwa kitu kigumu, taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha wengine, na akainua kichwa na pua yake imejaa harufu ya mafuta ya ufuta, yale ya jikoni kwa Bibi, saa ya ukutani saa saba na dakika tano, akampiga Jiahui begani, acha ujinga wako, na Jiahui, udenda shavuni, macho mekundu, akasema, nini? Nimefanya nini? Sikugonga mimi. Wakalala tena. Alilala tena! Mtu katoka kijijini kilomita arobaini, bila guta, na goti bovu, kaja kumbishia hodi, na yeye kageuza shavu la pili akalala, kwa sababu mchana ule kulikuwa na jaribio la hesabu na asiyelala hukosea.

Na mara ya mwisho macho kwa macho alimwambia nini? Nenda Bibi, nenda bwana, kengele imelia. Kidole cha Bibi kilikuwa kimepita kwenye nondo kinamnyooshea kola, kidole kile chenye ukucha uliokatika, na yeye akakitoa kwenye shingo kama unavyotoa mdudu, nina jaribio la msamiati, na Bibi akasema haya nenda, nenda, nami naenda. Akaenda. Basi ndiyo hivyo, wamemzika, wamemzika katikati ya shamba la ngano maana ndipo alipolala Babu, lundo la udongo mbichi na ngano imelizunguka, sasa hivi imeshaanza kugeuka rangi, baada ya wiki tatu mashine ya kuvuna itakuja, itafika pale itakata kona, itamzunguka, na mlangoni karatasi nyeupe ya msiba, na mjukuu aliyemlea kwa mikono miwili hakuwepo, hakutembea nyuma ya jeneza, hakulia, alikuwa anafuta majibu A, B, C. Angeweza kusimama sasa hivi. Mlango huo hapo uko wazi, basi la saa tisa linapita njia panda, angeweza kupita mbele ya Mwalimu Kong na chupa yake ya chai, hakuna ambaye angemzuia, na miguu yake chini ya dawati ilishajipanga, visigino vimeinuka, nyuki asiyeambiwa huondoka, si imeandikwa hapo aya ya pili... lakini akamwona Mama. Mama akivua kile kitambaa cheusi kwenye kona, anakikunja, anajipangusa uso, anajifunza kutabasamu kwenye kioo cha simu kabla ya kusogea kwenye nondo. Baba ng'ambo ya barabara na uso wake hawezi kuuleta karibu. Mtu na mkewe wamebeba kitu hiki wiki tatu kwa meno, siku kumi na tisa tena wakitue, na darasa zima limewasaidia kubeba, watoto wenyewe wana yao, wana mitihani yao, Duan Peng kameza mzaha, Jiahui kalia msalani akasingizia mafua, kumbe mafua gani yanadumu wiki tatu. Wote walijua. Walikuwa wanajua alipokuwa anacheka na yai lake. Amekaa siku zote hizi katikati ya watu sitini na mmoja kama kipofu aliyekalishwa mezani, kila mtu anamsogezea kikombe kisimwagike. Na akataka kuwachukia, alijaribu, haikuja. Kilichokuja ni hofu, hofu ya ajabu, kwamba akitoka bila neno, au akibaki bila neno, kuna kitu ndani ya chumba hiki kitaoza, maana jambo lenyewe limesimama humu wiki tatu mlangoni na ufunguo mkononi na hakuna aliyelikaribisha.

Akaigeuza penseli. Upande butu, ule wenye kifutio kilichotafunwa, hapana, huo haulii, akaigeuza tena akaishika kwa katikati, na kwenye mbao ya dawati, pale pale sikio lake lilipokuwa limelala Alhamisi ile, akagonga. Ngo. Ngo. Ngo. Si kwa nguvu. Na mvumo wote wa darasa ukakatika. Midomo sitini na mmoja iliyokuwa inanong'ona Kiingereza ikanyamaza kwa pamoja, penseli zikasimama juu ya karatasi, hakuna aliyeinua kichwa, hakuna aliyegeuka, hakuna aliyeuliza nani anagonga, kuta zile za vitabu na nyuma ya kila ukuta mtu anashikilia pumzi, pangaboi peke yake linalia juu, na Mwalimu Kong mbele amefumba macho. Basi hapo hapakuwa na haja ya kukisia tena. Xiaomai akainama hadi midomo ikagusa mbao, akasema kwa lugha ya nyumbani, ile ya kijijini ambayo shuleni huona haya kuisema, Bibi amefariki, msiondoke, na hakujua anawaambia akina nani, wao au yeye mwenyewe, na mbao ilikuwa ya vuguvugu, ikanuka ufuta, mara moja tu, kisha ikanuka mbao. Mguu wa Jiahui ukaja ukakaa juu ya mguu wake, mzito, ukabaki hapo. Hakulia. Atalia tarehe tisa, saa ya kwanza ya tarehe tisa, amejiwekea. Jumapili hii Mama atakuja kwenye nondo na mayai, na yeye atakula yote mawili mbele yake, atasema chumvi imekolea, mwambie Bibi chumvi safari hii imekolea, na mwambie koti nimevaa, na Mama atacheka ainame afunge kamba zisizokuwepo, na Xiaomai atamwacha ainame kadiri anavyotaka. Zimebaki dakika kumi, akasema Mwalimu Kong, kwa ile ile sauti nyembamba, na polepole, kutoka kona ya nyuma kwa Duan Peng, halafu dirishani, halafu pande zote, mvumo ukarudi, mmmm, mmmm, ukamfikia, ukampita, naye akafungua mdomo akaingia ndani yake, vuma, kijukuu changu, vuma, hapo umekwama, rudia... akapaka kisanduku cha D kwenye swali la ishirini na tisa, taratibu, bila kutoka nje ya mstari, akageuza ukurasa. Kifungu cha nne kilihusu baiskeli za umeme na namna ya kutunza betri zake, na safari hii akaanza na maswali.